Chombo Kirudi Nyumbani: Mbinu za Kupunguza Taka Jikoni

Gari la taka likipita mtaani mara moja kwa wiki, na wiki nyingine lisipite kabisa, ndoo ya jikoni huwa tatizo la nyumba nzima: inzi, harufu, kuku wa jirani, na kiroba kinachovuja kuanzia mlangoni hadi getini. Wengi wetu hutafuta dawa upande wa kutoa. Tunanunua ndoo kubwa zaidi, viroba vigumu zaidi, au tunampa chochote kijana wa mkokoteni aondoke na taka. Makala haya yanashika upande wa kuingiza. Kila taka inayotoka jikoni iliingia kwanza, na mara nyingi tuliingiza wenyewe, imefungwa na muuzaji ambaye hakuna aliyemwambia asifunge.

Dawa yake si kununua seti mpya ya vyombo. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja tayari zina kikapu, hotpoti, makopo, mabakuli yenye mifuniko na kanga zilizochakaa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuvifanya vitu hivyo vitoke na kurudi. Kikapu kilicholala juu ya kabati hakiokoi kitu. Kwa hiyo kila chombo kitakachotajwa hapa kipe mambo matatu: mahali pake pa kukaa, mtu wa kukishughulikia, na wakati wake wa kuoshwa.

Anza kwa kuipekua ndoo

Kabla ya kubadili chochote, tenga wiki moja ya uchunguzi. Weka ndoo mbili. Moja iwe ya vitu vibichi: maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai. Ya pili iwe ya vikavu. Mwisho wa wiki tandika gazeti uani, vaa glavu, mwaga ile ndoo ya vikavu na upange mafungu.

Nyumba ya kawaida ya mjini itakuta vifuko vyepesi vya kung'aa vilivyobeba nyanya chungu, dagaa na karanga, chupa za maji, pakiti za maziwa, vipakiti vya mafuta na sabuni, maboksi ya chipsi, tishu, na mifuko ya dukani iliyokatika mkono. Fungu kubwa kuliko yote ndilo kazi yako ya mwezi huu. Ukitaka kupambana na mafungu yote kwa siku moja, baada ya wiki mbili utarudi ulikotoka.

Sokoni: kikapu mlangoni, maneno kabla ya pesa

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania Bara kuanzia Juni 1, 2019. Rambo, yaani ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zikatoweka, na mahali pake tukaletewa mfuko mbadala, ule unaofanana na kitambaa. Wengi hawajui kwamba mfuko huo kwa kawaida ni wa polipropilini, yaani ni plastiki kwa umbo jingine. Ukiutumia mara nyingi unafaa sana. Ukiununua kila safari na kuutupa, umebadilisha taka nyembamba kwa taka nene.

Kuna hesabu inayosaidia hapa. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Uingereza lilichapisha utafiti uliolinganisha mifuko ya aina mbalimbali kwa athari zake kwa tabianchi. Ili mfuko wa polipropilini wa aina hii ulingane na kile kifuko chepesi cha supamaketi kinachotumika mara moja, sharti utumike angalau mara 11. Wa karatasi angalau mara 3. Mfuko wa pamba angalau mara 131. Fundisho lake ni rahisi: mfuko bora ni ule ulio nao tayari, na mfuko mzuri wa pamba unaopewa bure kwenye semina na kuutia kabatini ni hasara tu.

Kwa hiyo chukua kikapu kimoja kinachobeba uzito, kiwe cha ukili, cha katani au cha mikanda ya plastiki iliyosukwa, na mfuko mbadala mmoja unaokunjika. Kikapu kipigilie msumari nyuma ya mlango wa kutokea, si jikoni. Ule mfuko uukunje ndani ya mkoba, au chini ya kiti cha pikipiki au bajaji, kwa zile siku unazopitia gengeni bila kupanga. Ukirudi kutoka sokoni, kikapu kimwagwe na kirudi msumarini kabla hujawasha jiko. Ukikiacha chini ya meza na vitunguu viwili ndani, kesho utatoka mikono mitupu.

Viazi, vitunguu, nyanya, ndizi na maboga havihitaji mfuko wowote ndani ya kikapu. Vizito vikae chini, nyanya na maparachichi juu. Ukinunua nyanya kwa sado, mwambie muuzaji amimine moja kwa moja kikapuni. Vinavyohitaji kifuko ni vile vidogo na vinavyomwagika: karanga, dagaa, njegere, pilipili. Hivyo vishonee vifuko vya kanga kuukuu au shuka. Kata kipande chenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 70, kikunje katikati kwa urefu wake, shona pande mbili, kisha pindua ukingo wa juu na upitishe kamba. Kifuko kama hicho kinaingia kilo moja ya karanga. Vitano vinatosha nyumba ya watu sita, navyo vikae ndani ya kikapu muda wote, isipokuwa siku ya kufuliwa.

Ugumu wenyewe uko kwa muuzaji, maana mkono wake ni mwepesi. Kabla hujafungua mdomo mchicha umeshaingia kwenye nailoni. Kwa hiyo sema mapema, kabla ya kutoa pesa na hata kabla ya kuulizia bei: "Dada, usinifungie, weka humu humu." Ukiwa mteja wake wa kila siku, utasema mara mbili tatu tu, baada ya hapo atakuona na kikapu na kukifungua mwenyewe. Wapo wanaodhani unawasuta kwa uchafu, basi tia utani kidogo: mwambie akupunguzie bei kwa vile umemwokolea kifuko. Hatapunguza, lakini mtacheka na mazoea yataanza.

Dukani kwa Mangi: kupimiwa si umaskini

Washauri wengi wa mambo ya nyumba husema ununue kwa wingi. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye mshahara wa mwezi. Anayepata pesa ya siku hununua mafuta ya siku, na hilo halimzuii kupunguza taka. Anayekwenda dukani na chupa yake akapimiwa robo ya mafuta harudi na taka yoyote. Anayenunua vipakiti hurudi na kipakiti kila siku. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, mchele na maharage ya kupima ni njia yetu ya zamani, na ndiyo njia ambayo miji ya Ulaya inaifufua sasa kwa maduka ya bei kubwa.

Masharti ni mawili. La kwanza, chombo kiwe chako. La pili, kiwe kikavu. Chupa ya mafuta ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuuzwe, ipinduliwe usiku kucha juu ya kitambaa. Tone la maji lililobaki ndani litakurukia usoni siku ya kukaanga. Kama mdomo wa chupa ni mwembamba, kata kichwa cha chupa ya maji iliyokwisha kazi, kipindue, utakuwa na faneli ya bure. Unga uupimie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu kifuko cha kitambaa huvujisha vumbi lake na huwaalika fukusi. Bandika kipande cha plasta kwenye kila kopo na uandike jina la kilichomo, ili asiyekuwa mpishi naye aweze kutumwa dukani.

Kwa bidhaa ambazo hazipimwi, kama sabuni ya unga au dawa ya mswaki, chagua moja tu kila mwezi uihamishe kutoka kipakiti kwenda mfuko mkubwa. Jirani au mwenzako wa kikoba anaweza kuchangia nawe dumu la mafuta la lita 20, mkagawana kwenye madumu madogo. Mtaokoa pesa, na dumu kubwa lenyewe litahifadhi maji kwa miaka.

Buchani na kwa wauza samaki

Nyama na samaki ndivyo vinavyowatisha watu, na hofu hiyo ina sababu. Tenga bakuli moja lenye mfuniko wa kubana, la chuma cha pua au plastiki ngumu, liwe la nyama mbichi tu. Funga uzi mwekundu kwenye mkono wake au tia alama nyekundu kwenye mfuniko, kila aliye nyumbani ajue. Buchani mwombe muuzaji aweke kwanza bakuli tupu kwenye mizani na kuirudisha kwenye sifuri, ndipo akate nyama. Kama mizani yake hairudi sifuri, apime nyama kwanza kwenye sinia ya mizani, kisha aihamishie kwako.

Kwa samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, au wa mnadani, ndoo ndogo yenye mfuniko inashinda chombo kingine chochote. Haivuji kwenye daladala na hainukishi kikapu. Ukifika nyumbani mimina, osha kwa maji ya moto na sabuni, anika juani. Vifuko vya kitambaa visiguse nyama wala samaki hata siku moja.

Friji, kabati na meza

Hapa taka nyingi ni za kufunika na kufungia: nailoni ya kuvutika, karatasi ya foili, vifuko vya friza. Mbadala wake umo kabatini. Sahani bapa juu ya bakuli hufunika kiporo sawasawa na nailoni yoyote. Mezani, kawa la ukili hufukuza inzi na kuruhusu mvuke utoke, chapati zisilowe. Badala ya foili, jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto hadi likalainika hufunika wali unaopaliwa, na hufunga samaki wa kuoka. Kagera na Buganda ndizi hupikwa zikiwa zimefunikwa hivyo hivyo, na likimaliza kazi jani huenda kwa mbuzi.

Mchicha, matembele na kisamvu huoza haraka ndani ya nailoni kwa sababu maji hujikusanya kwenye majani. Kung'uta maji, vifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu mdogo, kisha weka chini kabisa kwenye friji. Dania itiwe kwenye glasi yenye maji kidogo, mizizi chini. Maharage yaliyochemshwa na tui la nazi vigandishe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu, kwani kimiminika huvimba kikiganda. Usigandishe kitu kwenye chupa ya kioo yenye shingo nyembamba, itapasuka.

Makopo ya siagi na aiskrimu ni mali, lakini yana mipaka. Yanafaa kwa vitu vikavu na vya baridi. Usitie mchuzi wa moto, mafuta ya moto, wala usiyaingize kwenye maikrowevu. Tazama chini ya chombo kuna pembetatu yenye namba: namba 5 huvumilia joto zaidi, namba 1 ni ile ya chupa za maji na haipendi joto kabisa. Ukwaju, ndimu na nyanya visilale kwenye sufuria ya alumini. Vihamishie kwenye kioo au chombo cha udongo.

Dodoki kwenye sinki

Sponji ya rangi rangi hukaa wiki chache, inakatika vipande, inatupwa. Kinachoweza kukaa mahali pake huota kwenye ua. Dodoki ni mmea unaotambaa wa jamii ya maboga na matango; panda mbegu kandokando ya uzio wenye jua, ipe kamba ya kupandia. Matunda yaache mtini hadi yakauke, ganda liwe la kahawia na tunda liwe jepesi mkononi, likitikiswa mbegu zigonge ndani. Loweka kidogo kwenye maji, ganda litachubuka kwa kidole. Kata ncha, kung'uta mbegu na uzihifadhi, suuza utelezi wote, anika hadi kamba zake ziwe kavu na nyeupe. Kisha kata vipande vya upana wa kiganja.

Kipande kikavu ni kigumu. Kikiloa kinalainika na hakikwaruzi sufuria. Kwa ukoko na masizi ongeza majivu yaliyochekechwa au kipande cha kumbi la nazi, isipokuwa kwenye kikaango kisichoshika chakula. Kila baada ya siku chache kichemshe kipande chako dakika chache na ukianike juani. Kikianza kunuka au kulegea hata baada ya kuchemshwa, kitupe kwenye mboji. Hakiachi plastiki hata punje. Kama huna ua, madodoki makavu huuzwa sokoni.

Tishu za jikoni nazo zina mrithi. Fulana za pamba zilizochakaa zikate miraba ya ukubwa wa sahani. Weka kopo moja la safi mahali mkono unapofika na ndoo moja ya chafu chini ya sinki. Matambara ya kufutia meza yawe rangi moja, ya sakafuni rangi nyingine, yasichanganywe hata kwenye kufua. Wakati wa kula, birika na beseni ya kunawia mikono, kama ilivyo desturi ya pwani, huokoa pakiti nzima ya tishu kwenye meza yenye wageni.

Maji, chai na soda

Chupa za maji zikiwa fungu lako kubwa, shughulikia maji ya nyumbani kwanza. Maji yaliyo maangavu yakichemka kwa mapovu makubwa kwa dakika moja yanakuwa salama dhidi ya vijidudu. Ya mawingu yachuje kwa kitambaa safi kabla ya kuchemsha. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yamimine kwenye ndoo yenye mfuniko na koki. Koki ina maana kubwa: maji salama huchafuliwa mara nyingi na kikombe na mkono unaochota. Anayependa mtungi autumie, maana maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka juu ya uso wake huyapoza yaliyobaki bila umeme. Lakini achote kwa kata yenye mkono mrefu inayoning'inia pembeni, isiyotumika kwa kazi nyingine. Kila mtoto apate chupa yake ya chuma au plastiki ngumu ya kwenda nayo shule, yenye jina lake, na ioshwe kila jioni pamoja na vyombo vya chakula.

Kwa chai, majani ya kupimia na chujio la waya yanatosha; mabaki yote yanaoza. Na soda, kama lazima inywewe, nunua ya chupa ya kioo inayorudi kwenye kreti. Chupa hiyo hurudishwa kiwandani, huoshwa na kujazwa tena. Mpango mzima wa chombo kinachorudi tunaujua tangu utotoni.

Chakula cha kununua na shughuli

Katika mitaa mingi ya Dar bado utamkuta mtoto ametumwa na bakuli kununua maharage ya nazi, au mtu ameshika jagi akifuata supu asubuhi. Desturi hiyo ihamishie kwenye chipsi. Chipsi za moto zenye mafuta ndani ya nailoni ni kosa mara mbili: taka inabaki, na joto pamoja na mafuta huvuta kemikali za plastiki ziingie kwenye chakula. Chukua hotpoti ndogo, mpe muuzaji kabla hajaepua. Ukiwa kazini, weka kontena moja na kijiko kwenye droo; mama ntilie wa karibu atazoea chombo chako ndani ya siku chache, na pengine mkono wake ukawa mzito kidogo kwenye kupakua.

Shughuli ndizo zinazotengeneza taka ya mwezi kwa mchana mmoja. Arusi, hitima au msiba wa watu mia ukitumia sahani na vikombe vya kutupa, uwanja mzima utapambwa navyo kesho yake. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni sinia: watu wanne au watano kwenye sinia moja, na vyombo vya kuosha vinapungua. Ya pili ni vyombo vya kukodi, au bora zaidi, vyombo vya kikundi. Vikundi vingi vya akina mama vina sufuria na viti vyao. Kuongeza sahani mia na vikombe mia ni mchango wa miezi michache. Wekeni daftari: vilivyotoka, aliyechukua, vilivyorudi, na faini ya kilichovunjika. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwenye shughuli yenyewe, beseni tatu zipangwe wazi kabisa, ya kukwangulia mabaki, ya sabuni na ya kusuuzia, na wenye zamu wajulikane mapema. Bila hivyo mtu atatumwa dukani kununua sahani za kutupa saa saba mchana.

Ndoo isiyo na mfuko

Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni vitu vinavyooza. Hivyo ndivyo vinavyolazimisha kiroba ndani ya ndoo. Vikitengwa, ndoo ya vikavu haihitaji mfuko wowote. Inafutwa kwa tambara tu.

Vibichi viweke kwenye ndoo yenye mfuniko, utandike gazeti chini. Kama jirani anafuga mbuzi, ng'ombe au kuku, maganda safi ya ndizi, viazi na mboga ni chakula. Kama hakuna, toboa ndoo kuukuu chini na ubavuni, tia tabaka la majani makavu au maranda, kisha maganda, kisha makavu tena, na makavu yazidi kidogo. Usitie nyama, mifupa wala mafuta, utaita panya. Mchanganyiko uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, ugeuze kila wiki, na kwa joto letu utapata mboji baada ya miezi miwili au mitatu hivi. Mchicha wa kwenye viroba utaipenda, na lile dodoki la uzioni pia. Anayekaa ghorofani bila nafasi aulizie vikundi vya mtaa. Dar es Salaam taasisi ya Nipe Fagio imesaidia kujenga mfumo wa kutenganisha na kukusanya taka nyumba kwa nyumba Bonyokwa.

Mipaka ya usafi, maji na kazi

Kuna vyombo visivyostahili kupewa maisha ya pili jikoni. Dumu la dawa ya wadudu, petroli au kemikali yoyote lisihifadhi maji wala chakula, hata likioshwa mara kumi. Kopo la rangi nalo ni hivyo hivyo. Plastiki iliyopasuka au iliyoshika harufu ihamie kwenye misumari na mbegu. Chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, hata kama bakuli lina mfuniko mzuri kiasi gani, na kiporo kipashwe hadi kifuke moshi katikati.

Kuosha vyombo zaidi kunataka maji, na kuna mitaa ambayo maji ni ya dumu na dumu ni pesa. Hapo kwangua mabaki kwanza, futa mafuta kwa ganda la ndimu au majivu, ndipo vyombo viingie majini. Tumia beseni mbili. Maji ya kusuuzia ya mchana yawe ya kulowekea ya jioni, na ya mwisho yamwagiwe sakafu ya choo.

Na kuosha kunataka mikono. Mipango mingi ya kupunguza taka hufa hapa: baba anatangaza, na dada wa kazi anaongezewa chupa sita, vifuko vitano na hotpoti tatu juu ya kazi aliyokuwa nayo. Gawana. Mwenye hotpoti ya kazini aioshe mwenyewe akirudi. Watoto waoshe chupa zao. Vifuko vya sokoni vifuliwe na anayekwenda sokoni, siku moja maalumu, Jumamosi kwa mfano.

Ratiba ya mwezi wa kwanza

Wiki ya kwanza, pekua ndoo na uchague fungu kubwa. Piga msumari wa kikapu.

Wiki ya pili, andaa vyombo vya fungu hilo moja, kutoka vilivyomo nyumbani. Osha, kausha, bandika majina. Zungumza na muuzaji unayemkuta mara nyingi kuliko wote.

Wiki ya tatu, tenganisha vibichi na vikavu moja kwa moja, si kwa uchunguzi tena. Toa kiroba kwenye ndoo ya vikavu.

Wiki ya nne, hesabu viroba au ndoo zilizotoka nyumbani, ulinganishe na ulivyoanza. Kama hakuna tofauti, angalia ni chombo gani kilisahaulika nyumbani mara nyingi, ukihamishe karibu zaidi na mlango. Kama tofauti ipo, nenda kwenye fungu la pili.

Pesa iliyobaki kwa kuacha vifuko, chupa za maji na vipakiti sasa inaweza kununua kitu kimoja kizuri: hotpoti isiyovuja, ndoo ya koki, au chujio lisiloshika kutu. Ukiwa bado umekishika dukani jiulize: kinachukua nafasi ya taka gani, kitakaa wapi, na nani atakiosha? Ukikosa jibu hata la swali moja, kirudishe rafuni.